Washa System Restore kabla hujafikiria kupiga Windows upya

Laptopu iliyokuwa nzima jana usiku inaweza kugoma kuwaka asubuhi. Mara nyingi chanzo ni apdeti iliyokatika katikati au draiva ya printa isiyoendana na mashine. Kwa mwanafunzi aliyepo Singida mjini, hatua inayofuata inajulikana: kwa fundi, "apige Windows upya". Aliyeko likizo Nduguti au Itigi anaanza na kutafuta nauli. Na fundi akifuta diski C ili aweke Windows mpya, ripoti ya utafiti uliyoiacha kwenye Desktop inaondoka nayo.

Mara nyingi hakuna haja ya kufika huko. Windows ina kinga yake iitwayo System Restore, iliyopo tangu Windows Me ya mwaka 2000. Ishu ni kwamba kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 kinga hii huwa imezimwa, na haiwezi kukurudisha kwenye siku ambayo ilikuwa bado haijawashwa.

Inafanyaje kazi?

Ikiwashwa, Windows huweka "pointi ya kurejesha", yaani kumbukumbu ya hali ya mfumo kwa wakati fulani: faili za mfumo, draiva, programu zilizosakinishwa na mipangilio yake.

Haikopi diski nzima. Fikiria mwenye duka na daftari lake la madeni: kabla ya kufuta mstari na kuandika mpya, anaunakili ule wa zamani ukurasa wa nyuma. Hesabu zikivurugika, anarudisha mistari iliyobadilika tu. Windows nayo hufanya hivyo: kipande cha diski kikitaka kuandikwa upya, cha zamani huhifadhiwa kwanza. Ndiyo maana haili nafasi kubwa. Na kurejesha hakuli bando hata MB moja, wakati kuipakua Windows upya kutoka intaneti kunaweza kula zaidi ya GB 4.

Jinsi ya kuwasha

1. Bonyeza kitufe cha Windows, andika "Create a restore point", kisha Enter.
2. Chagua diski C, bofya "Configure".
3. Chagua "Turn on system protection". Sogeza "Max Usage" hadi kama asilimia 5, kisha OK. Nafasi ikijaa, pointi za zamani hufutwa kupisha mpya.
4. Bofya "Create" na uipe jina, mfano "kabla ya printa".

Siku mashine ikigoma, shikilia kitufe cha kuwashia hadi izime wakati Windows inaanza kuwaka. Rudia mara mbili au tatu mpaka ije menyu ya uokoaji, halafu fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "System Restore". Chomeka chaja na hakikisha betri ina chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, unaweza kuongeza tatizo.

Isichofanya

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Chukua mfano wa ghala la alizeti: System Restore hukarabati jengo, haishughuliki na magunia yaliyomo. Ukirejesha pointi ya wiki iliyopita, insha na picha zako zinabaki salama, ila programu ulizosakinisha baada ya hapo zitaondoka. Lakini ukiwa umefuta insha kwa bahati mbaya, au diski yenyewe imekufa, usitegemee msaada hapa. Virusi vya kudai fidia navyo mara nyingi hufuta pointi hizi kwanza. Zaidi ya hayo, kwenye Windows 11 toleo la 24H2, tangu Juni 2025 pointi hutunzwa kwa siku 60 tu.

Kwa hiyo kazi zako bado zinahitaji nakala kwenye fleshi au Google Drive. Na ukilazimika kwenda kwa fundi, mwombe ajaribu kwanza pointi ya kurejesha kabla ya kugusa diski C. Atakachohitaji ni pointi iliyowekwa mapema, na kuiweka ni kazi ya dakika chache leo, mashine ikiwa bado inawaka.