"Damu Mbaya": Kisa cha Wanaume wa Alabama



Kila Jumanne katika kliniki ya wajawazito tunamchoma kila mama kidole, tunachukua tone la damu na kulipima kaswende. Hivi karibuni mama mmoja aliuficha mkono wake chini ya kanga akaniuliza, "Nesi, hiyo damu mnaipeleka wapi?" Wenzake kwenye benchi wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka watu waliotolewa damu kwa miaka 40 bila kuambiwa ukweli, na ugonjwa wao ulikuwa huu huu wa kaswende.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Kaswende huletwa na vijidudu na huambukizwa kwa kujamiiana. Mama mjamzito aliye nayo huweza kumwambukiza mtoto tumboni, na mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa mfu au mgonjwa. Huanza na kidonda kisichouma, mara nyingi sehemu za siri. Kidonda hicho hupona chenyewe hata bila dawa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Baadaye hutokea vipele, pengine hata viganjani na kwenye nyayo, navyo hupotea. Kisha ugonjwa hujificha kwa miaka mingi. Kwa baadhi ya watu hurudi na kuharibu moyo, mshipa mkubwa wa damu, macho au ubongo. Huku kwetu wako wanaosema tu kwamba mtu ana "damu chafu", na jina hilo hilo hulitumia kwa majipu na upele. Likumbuke jina hilo.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza utafiti katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, karibu na mji wa Tuskegee. Walichaguliwa wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini waliolima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Hawakuambiwa kwamba wana kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya", maneno ambayo watu wa pale waliyatumia kwa maradhi mengi, hata kwa uchovu. Waliambiwa pia kwamba wanatibiwa. Kumbe madaktari walitaka kuona kaswende isiyotibiwa itamfanya nini mtu mweusi mpaka afe, kisha waupasue mwili wake na kuuchunguza.

Utauliza, kwa nini mtu mweusi? Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kwamba kaswende humshika mzungu ubongo na humshika mtu mweusi moyo, kana kwamba kijidudu husoma rangi ya ngozi. Walisema pia kwamba watu hawa hata wakiachwa hawatatafuta tiba, kwa hiyo kuwatazama tu si kuwadhuru. Angalieni jinsi dharau ilivyovaa koti jeupe. Watu hao hawakuwa na fedha za daktari, na karibu nao hapakuwa na daktari wa kutosha. Umaskini wao ukaitwa tabia yao, na tabia hiyo ikafanywa sababu ya kuwanyima dawa.

Mwaka 1932 tiba ya kaswende ilikuwa ngumu, yenye dawa kali za aseniki na zebaki zilizotumika kwa muda mrefu. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1940 penisilini ilikwisha julikana kuwa inaponya kaswende. Wanaume wale hawakupewa. Madaktari wa wilaya walipelekewa majina yao ili wasiwatibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi yao walipoitwa jeshini walipimwa, wakaonekana ni wagonjwa na wakatakiwa watibiwe. Idara ikaomba waachwe. Kuchomwa sindano ya uti wa mgongo ili kutolewa maji ya kupima, jambo lenye maumivu makali, waliandikiwa barua kwamba hiyo ni tiba maalum ya bure.

Haya yote hayakufanywa kwa siri kama mnavyoweza kudhani. Matokeo yalichapishwa katika majarida ya madaktari kuanzia 1936, na wasomi wakayasoma wakaendelea na kazi zao.

Sasa nifike mahali panaponiuma mimi. Aliyewaunganisha wanaume wale na madaktari alikuwa nesi, Eunice Rivers, mwanamke mweusi aliyehitimu uuguzi pale pale Tuskegee mwaka 1922. Madaktari walibadilika, yeye alibaki. Aliwafuata majumbani kwa gari, akawapeleka kupimwa, akawajua wake zao na watoto wao, na mtu alipokufa alihudhuria mazishi. Walipata chakula cha moto siku ya kupimwa, na fedha za mazishi kwa familia iliyokubali maiti ipasuliwe. Kwa watu ambao hawakuwahi kujaliwa na serikali, hayo yalikuwa mengi. Walimpenda, na kwa sababu walimpenda walirudi kila mwaka. Baadaye alieleza kwamba nesi hafundishwi kuandika dawa, ni kazi ya daktari.

Wako wanaomwita msaliti. Mimi nashindwa kumrushia jiwe. Nikiwa nesi mpya, mzee mmoja aliniuliza sindano niliyoishika ni ya nini. Nikamjibu, "Ni ya kukuponya, baba, lala." Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikujua. Daktari alikuwa ameandika, na mimi nikachoma. Tulifundishwa hivyo, tusiulize.

Mtu aliyeuliza alikuwa Peter Buxtun, mfanyakazi wa Idara ile ile huko San Francisco. Alilalamika mwaka 1966 na tena 1968. Mwaka 1969 jopo la wataalamu likaketi na kuamua utafiti uendelee. Ndipo akawapa habari waandishi, na mwezi Julai 1972 magazeti yakaitangaza. Utafiti ukasimamishwa mwaka huo huo. Wapo waliokuwa wamekufa kwa kaswende, wapo wake walioambukizwa, na wapo watoto waliozaliwa nayo. Mwaka 1974 serikali ilikubali kulipa fidia ya dola milioni 10, na Mei 1997 Rais Clinton akawaomba radhi wazee wachache waliobaki. Wa mwisho wao alifariki mwaka 2004.

Nisahihishe jambo moja linalosemwa sana: wanaume wa Tuskegee hawakupandikizwa kaswende. Walikuwa nayo tayari, wakanyimwa dawa. Waliopandikizwa ni watu wa Guatemala kati ya 1946 na 1948, nao walifanyiwa hivyo na madaktari wa Idara hiyo hiyo. Marekani iliomba radhi mwaka 2010.

Kwa hiyo mtu anaposema "wanatujaribia", kama nilivyosikia wengi wakisema chanjo ya UVIKO-19 ilipokuja mwaka 2021, simwiti mjinga. Namweleza kinachojulikana kuhusu dawa ile na kisichojulikana. Mimi nilichanjwa, na niliwaambia hivyo. Baada ya Tuskegee, Marekani ilitunga sheria mwaka 1974 ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti. Nawe ukiombwa kuingia kwenye utafiti wowote, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kukataa, na kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Hata pasipo utafiti, uliza: Naumwa nini? Dawa hii ni ya nini? Nesi akikukaripia, muulize tena kwa upole.

Kaswende bado inatibika kwa sindano ya penisilini. Iliyo changa huhitaji dozi moja tu. Iliyokaa muda mrefu huhitaji tatu, moja kila wiki. Mwenzi naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana upya. Mjamzito apimwe mapema, asingoje tumbo kuwa kubwa. Kama dawa ya penisilini imewahi kukudhuru, sema kabla ya kuchomwa.

Yule mama nilimwonyesha kipimo. Nikamwambia damu yake haiendi popote, iko hapa mezani, tungoje pamoja. Akavuta kiti karibu, akakodolea macho kile kikaratasi kwa zaidi ya robo saa bila kusema neno. Majibu yake ni siri yake. Jumanne iliyofuata alikuja na mume wake, na safari hii aliyetangulia kuuliza alikuwa mume.