Kipimo Kikisema Si Malaria

Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti mjini Moshi walifuatilia watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili. Madaktari waliwapokea 528 kati yao kama wagonjwa wa malaria. Damu ilipochunguzwa kwa kina, wenye malaria walikuwa 14 tu.

Wengine waliumwa nini? Takriban robo ya waliochunguzwa walikuwa na maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama: homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa panya na mifugo, homa za rikesia ziletwazo na kupe, homa ya Q, na brusela, ambayo wengi huipata kwenye maziwa mabichi. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, kwenye Uwanda wa Makonde, mwaka 1952. Wakati wa kuwalaza wagonjwa hao, hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwenye faili kuwa anashukiwa kuwa na lolote kati ya maradhi hayo.

Kosa hilo lina sababu. Maradhi haya yote huanza kwa namna moja: joto kupanda, kichwa kugonga, viungo kuuma, hamu ya kula kupotea. Na kipimo kilichopo hata kwenye zahanati ya kijijini ni kile cha haraka cha malaria. Tone la damu kutoka kidoleni, dakika kama 15, jibu limetoka. Lakini kipimo hicho hutafuta protini ya vimelea vya malaria peke yake. Kisipoiona, hakisemi mgonjwa anaumwa nini. Hata kikiiona, tahadhari inahitajika: protini hiyo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumaliza dawa ya mseto, na homa ya leo ikawa na chanzo kingine.

Kuthibitisha homa ya mgunda ni kazi ngumu zaidi. Katika wiki ya kwanza bakteria wamo kwenye damu, ila kingamwili bado ni chache mno kupimika. Maabara hulazimika kulinganisha sampuli mbili zilizochukuliwa kwa kupishana wiki kadhaa, ili kuona kama kingamwili zimeongezeka mara nne au zaidi. Jibu hilo humfaa mtafiti. Mgonjwa wakati huo ameshapona, au ameshazikwa. Ndiyo maana daktari anayeushuku ugonjwa huu huanza tiba bila kusubiri. Doksisaiklini, dawa ya bei nafuu, huutibu vizuri ikiwahi.

Mwezi Julai 2022, huko Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa na kutokwa damu puani. Watatu walifariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na korona vilionyesha hawana, na uchunguzi ulipoendelea ikabainika ni homa ya mgunda.

Malaria ikikosekana, wengi huambiwa wana taifodi kwa kipimo cha Widal. Hicho nacho hupima kingamwili, ambazo huenda zimebaki tangu maambukizi ya zamani. Kuotesha damu maabara ndiko kunakoaminika zaidi, ila huchukua siku kadhaa na si kila kituo kinaweza.

Kwa hali hiyo, maelezo ya mgonjwa yana uzito mkubwa. Mkulima wa mpunga Kilombero, mchinjaji wa Vingunguti na mfugaji wa Simanjiro wanaweza kufika wote na joto la nyuzi 39, na kila mmoja akastahili kushukiwa ugonjwa tofauti. Ukiugua, usingoje kuulizwa. Taja homa ilianza lini, unafanya kazi gani, unafuga nini, kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa, kama ulikanyaga maji ya shambani au ya mafuriko, na dawa ulizokwisha kumeza. Na homa isiposhuka baada ya siku mbili tatu za dawa, rudi kituoni ukachunguzwe upya badala ya kwenda kununua dozi nyingine ya mseto dukani.