MGONJWA ASIFICHWE KWA KUOGOPA SHERIA



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unagusa jambo ambalo familia nyingi hulizungumza kwa kunong'ona, yaani kutoa mimba na sheria inayohusu tendo hilo. Nimelichagua kwa sababu ya wanawake wawili niliowauguza.

Wa kwanza alikuwa binti wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari. Aliteremshwa mlimani kwa machela wakati wa masika. Alikuwa amekunywa dawa aliyopewa na mtu, na kwa siku nne alilazwa chumba cha ndani akitoka damu, huku majirani wakiambiwa ana malaria. Mjomba wake alikataza asipelekwe hospitali kwa kuogopa atafungwa; na huku Uluguru, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama, neno la mjomba ni zito. Binti alipona, lakini mji wa mimba ulikuwa umeoza, ikabidi uondolewe. Hatazaa tena.

Wa pili alikuwa mama wa ndoa mwenye watoto watatu. Mimba yake ya miezi mitatu iliharibika yenyewe. Lakini wakwe zake waliogopa kusemwa kijijini kwamba ameitoa, wakangoja damu ikome. Alitufikia mikono ikiwa ya baridi, akafariki kabla hatujapata damu ya kumwongezea. Mama yule hakuwa na kosa lolote mbele ya sheria. Alikufa kwa hofu ya sheria ambayo nyumbani kwake hakuna aliyeijua.

SHERIA INASEMA NINI?

Kwa hiyo tuijue. Imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyoirithi toka enzi za Mwingereza:

1. Kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa hadi miaka 14.
2. Kifungu cha 151: mwanamke anayejitoa mimba, hadi miaka 7.
3. Kifungu cha 152: anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kazi hiyo, hadi miaka 3.
4. Kifungu cha 230: anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama hana kosa.

Basi angalia, ndugu msomaji, kisichokuwemo. Mimba kuharibika yenyewe si kosa, na hutokea mara nyingi: katika kila mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 15 huharibika zenyewe. Kumpeleka hospitali mwanamke anayetoka damu si kosa. Kumtibu si kosa, hata kama mimba aliitoa mwenyewe. Huduma ya kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote ile, hutolewa katika hospitali za serikali na za misheni.

Tena mjomba yule alipaswa kuuliza swali jingine: ni nani aliyempa binti mimba? Tangu mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari hufungwa miaka 30. Mara nyingi binti hufichwa ndani, na mwanamume anaendelea kutembea sokoni.

MABISHANO YALIYOPO

Mwaka 2003 nchi za Afrika zilipitisha Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake, na Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Kifungu chake cha 14 kinataka mimba iruhusiwe kutolewa mwanamke akibakwa, akipata mimba ya ndugu wa damu, au ikihatarisha afya au maisha yake. Kanuni yetu ya Adhabu haikubadilishwa kuifuata. Majirani zetu Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, waliruhusu pale maisha au afya ya mama ipo hatarini, na maaskofu wa huko waliipinga Katiba hiyo.

Wanaotaka sheria ilegezwe husema kwamba katazo halijazuia kitu, ila limewasukuma maskini kwa watu wasio na ujuzi. Hoja hiyo haitoki hewani: watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba kama 405,000 zilitolewa Tanzania, nyingi kwa njia za hatari. Kanisa linajibu kwamba mtoto aliye tumboni ni mtu, na hakuna shida inayompa mwingine haki ya kumwua. Mimi ni Mkatoliki, na hiyo ndiyo imani yangu. Lakini nawaambia kwa uwazi: imani hiyo haikunifundisha kumwacha binti afe ili liwe somo kwa wengine. Nami nakiri kwamba zamani niliwahi kumhoji mgonjwa wa namna hii kwa ukali. Akaogopa, akanificha alichokunywa, tukapoteza saa nyingi.

MAMBO YA KUFANYA

Mpeleke hospitali mara moja mwanamke mwenye mimba, au ambaye mimba yake imeharibika, ukiona moja ya dalili hizi:

- damu nyingi, au inayotoka bila kukoma;
- homa na kutetemeka;
- uchafu wenye harufu mbaya ukeni;
- maumivu makali ya tumbo, au tumbo kuwa gumu;
- kizunguzungu au kuzimia.

Mlaze, mfunike, usimpe mizizi wala kumwingiza kitu chochote ukeni. Waende naye ndugu wawili au watatu wanaoweza kutoa damu. Mwelezeni muuguzi ukweli wa alichokunywa na siku aliyokinywa. Anauliza ili ajue namna ya kumtibu.

Na kabla ya hayo yote, wazazi, msimfukuze binti aliyepata mimba. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi shuleni. Kadhalika, kwa aliyekwisha kutoa mimba mlango wa kitubio haujafungwa. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuondolea dhambi hiyo.

Binti wa machela nilikutana naye tena baada ya miaka, sokoni Morogoro, akiuza njegere na karoti. Alinisalimia, "Shikamoo mama," kisha akaniuliza: "Wangenileta siku ile ya kwanza, ningepata mtoto?" Nilimjibu kweli: huenda ungepata.

Ndugu zangu, tusingoje siku ya nne.