Ndai ya zamani inavuma nyuma? Isikize kwanza kabla ya kutoa pesa

DATSUN 1200 ya miaka ya sabini ikipita mtaani, lazima shingo zigeuke. Jina Datsun lina historia nchini. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mwaka wa 1973 akiwa na Datsun 240Z, kisha akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Basi nawe umepata yako. Labda ni ya babu, labda umeichanga polepole. Umeipiga rangi, umeweka viti vipya, picha zimejaa mtandaoni. Lakini ukifika kilomita 60 kwa saa, kuna sauti inatoka nyuma.

Unampelekea fundi. Hata hajainama kuangalia, anakwambia: “Difu imekwisha, boss. Leta doo tutafute nyingine.” Huenda ni kweli. Huenda pia unauziwa dawa ya ugonjwa ambao huna.

Gari la aina hii lina injini mbele, lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma. Nguvu hupitia propela, ile shafti ndefu chini ya gari, ambayo huunganishwa kwa krosi. Ikifika kwenye difu, gia ndogo iitwayo pinioni huzungusha gia kubwa iitwayo krauni. Kisha shafti mbili hupeleka nguvu hiyo kwa magurudumu, na kila moja huegemea beringi yake. Kila kimoja kati ya vifaa hivi kikiharibika huwa na sauti yake.

Kila sauti na mwenyewe

Anza na tairi, kwa sababu kuikagua ni bure. Tairi iliyolika vibaya huvuma kama difu mbovu. Pita kwenye lami laini, kisha lami kuukuu yenye kokoto. Sauti ikibadilika pale lami inapobadilika, difu haina hatia.

Sasa tafuta barabara tupu, labda Jumapili asubuhi. Usifanye majaribio haya Thika Road saa kumi na moja jioni. Endesha kwa mwendo wa kadiri, kanyaga mafuta kidogo, kisha achilia. Kama ni mluzi mwembamba unaokuja ukikanyaga na kupotea ukiachilia, au kinyume chake, shuku krauni na pinioni.

Kama ni mngurumo wa chini, kama matatu iliyo mbali, ambao haujali kama umekanyaga au umeachilia bali hufuata mwendo wa gari tu, shuku beringi ya gurudumu. Pinda taratibu kushoto, kisha kulia. Ukipinda kushoto, uzito huhamia upande wa kulia. Kwa hivyo mngurumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Na kama unasikia “ko!” kila unapoachilia klachi au kubadilisha gia, angalia krosi kabla ya kitu kingine. Krosi iliyolegea pia huleta mtetemo sakafuni. Ni spea ndogo, na bei yake haikaribii ya difu nzima.

Debe tupu haliachi kuvuma

Methali hii inaifaa difu sana. Nyingi hulia kwa kukosa oili tu. Sili ya pinioni ikizeeka, oili hudondoka polepole hadi gia zisagane zikiwa kavu. Angalia pia kijitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Kikizibwa na matope, joto huongeza shinikizo ndani na kusukuma oili nje kupitia sili.

Egesha gari mahali tambarare. Fungua bolti ya juu, ile ya kujazia, kabla ya kugusa ya chini. Ukimwaga oili kisha ugundue ya juu imeshika kutu na haifunguki, gari halitoki hapo. Oili inafaa kufika kwenye ukingo wa tundu. Jaza ya gia, aina ya GL-5 ya 80W-90, si ya injini.

Pangusa oili kwa kidole. Uji mwembamba wa kijivu ni kawaida ya umri. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihesabu ni habari mbaya. Ukikuta unga wa mbao, grisi nzito au hata ndizi iliyopondwa, ujue aliyekuuzia alitaka difu inyamaze mpaka upotelee kwenye kona. Hizo ni mbinu za kale, na ndiyo sababu bolti hii inafaa kufunguliwa kabla ya kununua gari.

Ipi isubiri, ipi isisubiri?

Hapa ndipo wengi hukosea. Mluzi wa difu unaudhi, lakini kama ni mdogo, hauongezeki na oili imejaa, gari linaweza kwenda miaka nao. Mngurumo wa beringi unaonekana mpole, kumbe ndio wa kuogopa.

Kwenye Datsun 1200, beringi na pete iliyoshindiliwa nyuma yake ndizo zinazozuia shafti isichomoke. Zikiachia, gurudumu linaweza kutoka pamoja na shafti yake ukiwa barabarani, na breki ya upande huo iende nalo. Usiendelee kuliendesha ukisubiri mwisho wa mwezi.

Fundi akibadilisha beringi, simama hapo. Beringi mpya huingia kwa mashine ya kushindilia, si kwa nyundo. Pete nayo iwe mpya, na isichomelewe, kwa sababu moto wa kuchomelea hudhoofisha shafti. Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake.

Ikithibitika ni difu kweli, krauni na pinioni hununuliwa pamoja kwa sababu zilisagwa zikiwa jozi. Nafasi kati ya meno yake hupimwa kwa kipimo maalumu, takriban milimita 0.1 hadi 0.2, kisha meno hupakwa rangi kuona yanagusana wapi. Fundi anayekwambia atakadiria kwa mkono, mshukuru na uende kwingine.

Ukienda Kirinyaga Road kutafuta difu nzima ya mtumba, hesabu meno kwanza. Krauni yenye meno 39 na pinioni yenye 10 ni 3.9. Ukifunga yenye hesabu tofauti, hata kipimo cha mwendo kwenye dashibodi kitaanza kukudanganya.

Na ukifika gereji, usimwambie fundi “difu inalia.” Mwambie sauti ni ya aina gani, huanza kilomita ngapi, na hubadilika ukifanya nini. Kisha muombe aingie mkae naye kwenye gari, aisikie mwenyewe kabla hajataja bei.