Istilahi za Vifaa vya Kuvaliwa Vinavyochunguza Moyo

Vifaa vidogo vinavyovaliwa mwilini ili kuchunguza hali ya moyo vimekwisha kufika madukani na hospitalini, na maelezo ya matumizi yake yanazidi kuletwa kwa wafasiri. Katika maelezo hayo neno mapigo hutumiwa kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali: umeme unaouamsha moyo, kudunda kwa moyo wenyewe, na msukumo wa damu mshipani. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halina madhara; katika maelezo ya kifaa cha tiba linayo.

Kabla ya kila mdundo, umeme hafifu hupita katika misuli ya moyo, na waweza kupokelewa juu ya ngozi. Willem Einthoven wa Uholanzi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake juu ya mchoro wa umeme huo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Norman Holter wa Marekani alitengeneza chombo cha kubebwa mgongoni, chenye uzito wa zaidi ya kilo 30, kilichopeleka habari za umeme huo kwa njia ya redio. Leo chombo cha kazi hiyo hubandikwa kifuani mfano wa plasta.

Saa nyingi za mkononi hufuata njia nyingine. Humulika ngozi kwa mwanga wa kijani, na kwa kuwa damu hufyonza mwanga huo, saa hutambua jinsi damu inavyojaa na kupungua katika mishipa midogo. Kinachohesabiwa hapo ni msukumo wa damu, wala si umeme wa moyo.

Hesabu hizi mbili zaweza kutofautiana. Moyo ukidunda bila mpangilio, baadhi ya midundo huwa dhaifu isifike mkononi. Kwa mfano, moyo waweza kudunda mara 110 kwa dakika, ilhali mkononi yakahesabiwa mapigo 90 tu. Mfasiri akiandika mapigo bila kueleza, muuguzi hatajua amepewa hesabu ipi.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu: umeme wa moyo, mapigo ya moyo, na mapigo ya mshipa. Kifaa kinachohifadhi mchoro wa umeme kiitwe kinasa umeme wa moyo, kwa kufuata kinasa sauti. Kinachotoa hesabu ya msukumo wa damu kiitwe kipima mapigo ya mshipa, kwa kufuata kipimajoto. Saa yenye uwezo wote mawili itajwe kwa kazi inayoelezwa mahali hapo. Jina la jumla liwe vifaa vya kuvaliwa. Neno vazi halifai, kwa kuwa humpeleka msomaji kwenye nguo.

Hatimaye, hapana budi kujihadhari na maneno yanayoahidi kupita uwezo wa kifaa. Saa ya mkononi inayonasa umeme wa moyo haiwezi kuthibitisha kwamba mtu hana mshtuko wa moyo. Akisoma kwamba saa yake "hulinda moyo", mgonjwa mwenye maumivu ya kifua huenda akabaki nyumbani akiitazama, badala ya kukimbilia hospitali.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na kutuletea maoni yao.