Foleni ya Hospitali Ina Bei Gani?

Kila mara watu wakutanapo ndani ya basi la Mugumu au sokoni Nyamongo, mabishano haya huzuka: Je, mgonjwa apelekwe hospitali ya Serikali au ya binafsi? Mmoja husema, "Ya Serikali ni nafuu, lakini utakaa juu ya benchi mpaka jua lizame." Mwenzake hujibu, "Ya binafsi hawachelewi, lakini utarudi nyumbani huna mbuzi." Mimi nami nilibishana hivyo hivyo mpaka likizo ya Juni iliyopita, bibi yangu alipougua. Tangu siku hiyo nimeona kwamba wote wawili husahau jambo moja, nalo ndilo nitakalo kulieleza.

Kwanza yafaa tujue mambo haya yalianzaje kwetu. Wamisionari wa Kimenoni walifika Shirati mwaka 1934, nao wakaanza kutibu watu huko. Wakati huo hapakuwa na Wilaya ya Rorya. Shirati ilikuwa sehemu ya Tarime mpaka wilaya hizo zilipogawanywa mwaka 2007. Baada ya Uhuru, Serikali iliazimia kuwatibu wananchi bila malipo, na mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kukataza hospitali za kutafuta faida. Hospitali za dini ziliendelea. Baadhi yake zilifanywa Hospitali Teule za wilaya: dini ndiyo mwenye nyumba, na Serikali ikasaidia mishahara na matumizi. Ndivyo ilivyokuwa Hospitali Teule ya Nyerere pale Mugumu, Wilaya ya Serengeti. Basi mwaka 1991 sheria ilibadilishwa na watu binafsi wakaruhusiwa tena. Na kuanzia mwaka 1993 hata hospitali za Serikali zikaanza kutoza, ili mwananchi achangie gharama.

Sasa tuitazame foleni yenyewe kwa hesabu, kama tufanyavyo darasani. Tuseme tabibu mmoja humwona kila mgonjwa kwa dakika 10, na asubuhi wamefika wagonjwa 60 kwa pamoja. Mgonjwa wa mwisho atangoja wenzake 59, yaani dakika 590, karibu saa 10. Akiongezwa tabibu wa pili, mgonjwa wa mwisho atangoja dakika 290, karibu saa 5. Katika hospitali ya binafsi tuseme yuko tabibu mmoja tu na wagonjwa 12. Huyo wa mwisho atangoja dakika 110, hata saa mbili hazitimii.

Je, tabibu wa binafsi ana mikono myepesi zaidi? La! Wote wawili humtazama mgonjwa kwa dakika 10. Tofauti ni kwamba wagonjwa 12 ndio waliofika mlangoni. Na wale wengine wako wapi? Baadhi wako hospitali ya Serikali. Baadhi wako nyumbani, wamelala kitandani, wakitafuta fedha. Nao wako katika foleni, ila foleni yao haina benchi wala namba, na hapana mtu aionaye.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu. Bibi, mwenye umri wa miaka 72, alishikwa na homa, kikohozi na maumivu ya ubavu. Nilisema twende hospitali ya Serikali. Akanijibu, "Mura, mifupa yangu haiwezi lile benchi. Uza mbuzi tuende kwa wale wa haraka." Basi nikamtafuta mnunuzi. Siku ya kwanza sikumpata, na ya pili alikuja mtu akataka kwa bei ya kuku. Siku ya tatu ilikuwa ya mnada, mbuzi akaenda kwa shilingi 90,000. Wakati huo Bibi alikuwa akihema kama aliyepanda mlima.

Pikipiki ilitugharimu shilingi 15,000. Katika hospitali ya binafsi tulipokewa kwa heshima, na baada ya dakika 25 Bibi alikuwa mbele ya daktari. Tukalipa 10,000 za kuandikishwa, 20,000 za vipimo, na 30,000 za picha ya kifua. Ikaonekana ni nimonia, naye hana budi kulazwa. Tukaambiwa tuweke kwanza shilingi 150,000. Mimi nilikuwa nimebakiwa na 15,000 mfukoni.

Tukatoa 5,000 nyingine za pikipiki, tukaenda hospitali ya Serikali. Nilipoona watu wamejaa mpaka nje ya baraza, moyo ulinianguka. Lakini muuguzi alimtazama Bibi mara moja tu, akaona anavyohema, akamwingiza ndani kabla ya watu wote. Hatukungoja hata dakika 10. Kisha akauliza, "Bibi hana kitambulisho cha mzee?" Kumbe anacho! Kilikuwa nyumbani ndani ya sanduku, kimefungwa katika khanga, wala hapana hata mmoja wetu aliyejua kazi yake. Dawa moja haikuwapo, nikaenda kuinunua nje kwa shilingi 9,000. Bibi alilazwa siku tano, akapona. Mimi nilirudi na shilingi 1,000.

Basi hebu tujumlishe. Katika hospitali ya binafsi tulingoja dakika 25, na katika ile ya Serikali hatukutimiza dakika 10. Nyumbani tulingoja siku tatu. Foleni ndefu kuliko zote tuliipanga wenyewe, kwa kuiogopa ile fupi.

Sisemi kwamba hospitali ya binafsi haina maana. Walimpima upesi, wakalijua gonjwa lake, na majibu yao yalimsaidia daktari wa pili. Wala sisemi kwamba ile ya Serikali haina kasoro. Dawa ikikosekana, matibabu ya bure si bure tena. Hata mataifa tajiri yana tatizo hili. Uingereza ilianzisha matibabu ya taifa tarehe 5 Julai 1948, mgonjwa asilipe daktari wala kitanda. Lakini huko, kwa magonjwa yasiyo ya haraka, lengo lao lenyewe ni kwamba mgonjwa asingoje zaidi ya wiki 18. Kila nchi yachagua jinsi ya kugawa huduma, kwa foleni au kwa bei, na iliyo nyingi huchanganya yote mawili.

Sasa sisi wanafunzi tufanyeje? Nina mambo manne ya kuwaambia wazee wetu nyumbani.

Kwanza, tuanzie zahanati ya karibu. Ngazi zetu ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa iliyoko Musoma, kisha ya kanda, Bugando kule Mwanza. Kila mwenye mafua aendaye moja kwa moja hospitali ya wilaya humwongezea dakika 10 mwenye nimonia.

Pili, tujue haki zetu. Katika vituo vya Serikali, sera yasema mama wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Hati itoke sandukuni sasa, kabla ya ugonjwa.

Tatu, mgonjwa akihema kwa shida, akipoteza fahamu au akitoka damu nyingi, aliye karibu na amwambie muuguzi papo hapo. Mgonjwa wa namna hiyo hangoji namba.

Nne, tulipe kabla ya kuugua. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliwekwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Kwa kiwango hicho mbuzi wetu mmoja angaliilipia kaya miaka mitatu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na kila mzazi yafaa aulize katika ofisi ya kijiji au ya kata masharti yake ya sasa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na amwulize babu au bibi yake swali moja: "Kitambulisho chako kiko wapi?"