Mbao Hukauka Juu, Maji Yakabaki Kwenye Kiungio

Baada ya mvua za masika, wenye nyumba wengi wa Lamu hupapasa mlango au nguzo ya roshani, wakaona pamekauka, wakaridhika. Kiganja hupima uso tu. Uozo huanzia ndani ya viungio, na roshani iliyooza kwenye viungio inaweza kuanguka na watu.

Uso ulio wazi kwa upepo wa kusi huweza kukauka kwa saa chache. Maji yaliyoingia pale ulimi wa ubao mmoja unapokaa ndani ya tundu la mwingine hayana pa kutokea. Zaidi ya hayo, mbao hunywa maji haraka mno pale ilipokatwa, kwa kuwa nyuzi zake ziko wazi kama mirija. Ndiyo sababu mlango huanza kuoza chini, huku katikati ukiwa mzima kabisa.

Mvua ya siku moja haiozeshi mbao. Kinachoharibu ni muda. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu, kuvu ya uozo haimei. Ukipanda hadi karibu asilimia 30 na kukaa hapo kwa wiki kadhaa, uozo hupata nafasi.

Muda huo unapimika. Fundi hutumia kipima unyevu chenye sindano mbili. Futa kwanza maji yaliyo juu, kisha pima katikati ya ubao na pia karibu na kiungio. Andika tarehe, saa na kiwango kilichosomwa, na urudie asubuhi na jioni hadi sehemu zote mbili zishuke chini ya 20. Ikiwa katikati imechukua siku 2 na kiungio siku 9, tatizo limejulikana lilipo.

Tahadhari moja kwa wakazi wa pwani: chumvi ndani ya mbao hufanya kifaa kisome juu kuliko hali halisi. Palipo na shaka, kipande kidogo hupimwa uzito, hukaushwa kwenye tanuri kwa nyuzijoto 103 hadi uzito usishuke tena, kisha hupimwa upya. Kikitoka gramu 120 hadi 100, unyevu ulikuwa asilimia 20.

Asiye na kifaa achokoe kiungio kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, uozo umeshaingia. Watu wasikae juu ya roshani hiyo hadi fundi aikague.

Kupaka rangi kiungio kilicholowa, jambo linalofanywa sana kabla ya sikukuu, hufungia maji ndani. Subiri vipimo vishuke, ndipo uzibe nyufa na kuelekeza maji kwingine. Kwa nyumba za Mji wa Kale, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2001, omba idhini kabla ya kubadilisha mlango, roshani au boriti.